Mama Éditions na Jina la Kanyamibwa

Kwenye vizuizi vya barabarani huwa naulizwa na wenye bunduki nimebeba nini. Nikijibu jibini, hakuna neno. Nikijibu maharage, hakuna neno. Nikijibu mashairi, nashushwa kwenye pikipiki na kuamriwa kufungua gunia, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kutoka Masisi mpaka Walikale katika tope lile kwa ajili ya mashairi. Basi nafungua. Mmoja wao anachukua kitabu, anasoma ukurasa, anasoma wa pili, mwisho naanza kumwomba anirudishie maana njia bado ni ndefu. Nimeshapoteza vitabu saba kwa namna hiyo. Kila nikimweleza Mama Consolée, anayevichapa, badala ya kukasirika anafurahi kana kwamba nimemletea habari ya mtoto aliyefaulu mtihani.

Mimi ni Guylain, mzaliwa wa Kirotshe, kazi yangu kubeba watu na mizigo kwa pikipiki. Sikusoma sana na ng'ombe namfahamu akiwa sahanini tu. Lakini huyu mama najivunia kumjua, nalisema mapema ili anayetaka kusikia habari ya mtu mnyonge aende kwingine.

Consolée Kavugho alizaliwa Butembo, akaletwa Masisi akiwa na miaka sita, juu ya lori lililojaa sabuni na chumvi. Baba yake alifungua duka karibu na soko. Baba amekwisha kufariki, duka lipo bado. Mbele anauza kaka yake Eugène: misumari, sabuni, mafuta, betri. Chumba cha nyuma Consolée amekiteka, na humo ndimo anamochapa vitabu vya mashairi. Eugène hupenda kuwaambia wateja kwamba nyumba yao ina biashara moja na wazimu mmoja. Usimwamini sana. Ni yeye anayemwekea dada yake makarton ya sabuni ya kutengenezea majalada, na mtu akiyachana ovyo anagombezwa mpaka anajuta.

Wazimu wenyewe ulianza na chumvi. Zamani walikuwa wakinunua madaftari ya shule yaliyokwisha kutumika, wakichana karatasi za kufungia chumvi na karanga, kama maduka yote. Siku moja Consolée alikunja karatasi, akamwaga chumvi, na kabla hajaifunga akaona mistari. Msichana wa shule alikuwa amemwandikia mama yake aliyepotea wakati wa kukimbia vita, akimweleza urefu wake siku hizi, ili wakikutana njiani amtambue. Consolée alirudisha chumvi kwenye gunia. Mteja alingoja, akakohoa, akaondoka na hasira zake.

"Tangu myaka ngapi niko nafungia batu chumvi na maneno ya batoto?" aliniambia jioni ile. Ilimchukua miezi minne kumpata msichana huyo. Alikuwa Kétsia, wa Walikale, na mimi ndiye niliyempeleka Consolée huko kwa pikipiki yangu ya kwanza, tukaanguka mara tatu. Leo Kétsia ni mwalimu, na kitabu chake ndicho cha kwanza kutoka chumba cha nyuma. Baada yake vimefuata kumi na tatu. Wauguzi wa Kirotshe wanavyo, wauza samaki wa Shasha wanavyo, na nimeona kimoja kimesomwa hadi kikashonwa upya kwa uzi wa nyavu. Halafu unakutana na kijana wa Goma mwenye miwani anakwambia huku kwetu hakuna vitabu! Huyo siku moja nitampakia nyuma yangu, nimpitishe kila kilima.

Mashine yake ni roneo ya kuzungusha kwa mkono, ambayo parokia moja ilikuwa karibu kuitupa. Unaandika shairi kwa taipu juu ya karatasi laini iitwayo stensili, herufi zinaitoboa, unaifunga kwenye pipa la mashine, unatia wino, unazungusha. Haitaki umeme, haitaki mtandao. Inataka bega. Mkono wa kulia wa Consolée umekuwa mnene kuliko wa kushoto, nasi tunamtania kwamba akipiga kofi la kulia mtu ataamkia Sake. Mwenyewe aliandika mlangoni jina kubwa la Kifaransa, Éditions na kadhalika, lakini watu walibakiza neno la kwanza tu. Wakamwita Mama Éditions.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Hapokei shairi kwenye karatasi. Mshairi lazima aje, asimame mbele ya mashine, aseme shairi lake kwa sauti siku mbili tofauti. Lililobaki vilevile siku zote mbili linachapwa. Lililobadilika linagombaniwa. Kisha anatoa kalamu nyekundu na kuanza kukata, na hapo hana huruma, maana ni mtoto wa duka na karatasi inayopotea inamuuma kama jino. "Musomaji haiko kiziwi," huwa anasema. "Umemwambia mara moja, amesikia." Washairi wamelia katika chumba kile. Wengi walirudi kumshukuru, na hilo ndilo lililomharibu kidogo. Alianza kuamini kwamba kalamu yake haikosei.

Basi akaja mzee Sebahire.

Sebahire ni mfugaji wa mlimani juu ya Masisi. Vita vilipomfukuza alikuwa na ng'ombe arobaini. Aliporudi alikuwa na fimbo. Jirani yake, Kanyamibwa, ambaye ng'ombe wake wachache walisalimika, alimpa jike mmoja, Bihogo. Bihogo akazaa, binti zake wakazaa, na sasa Sebahire ana tisa. Wafugaji wale wana desturi: ukipewa ng'ombe, inafika siku unakwenda nyumbani kwa aliyekupa, pamoja na ukoo wako na vinywaji, unamshukuru mbele ya watu. Wanaita gukura ubwatsi. Sebahire alikuwa amechelewa miaka mingi kwa sababu ya kukimbia huku na huku, na Kanyamibwa alikuwa anazeeka. Siku ilipopangwa, Jumapili baada ya misa, Sebahire alitaka sifa za ng'ombe wake wote tisa ziwe katika kitabu, kila nyumba ya ukoo ipate kimoja.

Alikuja akasimama mbele ya mashine siku mbili, kofia mkononi, fimbo begani. Binti yake Umutoni aliandika kwa Kinyarwanda na kuweka Kiswahili pembeni. Mimi nilikuwepo nikingoja mzigo, na nilisahau kama nina safari. Sifa ya kwanza ilikuwa hivi:

*Bihogo, mwenye pembe zilizopasua ukungu,*
*uliingia uani kwangu nikiwa na fimbo bila ng'ombe,*
*ukanirudishia sauti ya kuita asubuhi.*
*Kanyamibwa alinipa ng'ombe.*

Sifa zote tisa zilimalizika kwa mstari huo wa mwisho. Umeshajua kilichotokea. Mzee alipoondoka Consolée alichukua kalamu yake, akakata mstari ule mara tisa. Kanyamibwa hakumsahau, la! Alimweka ukurasa wa nyuma kabisa, penye shukrani.

Alhamisi nilipakia nakala themanini, jalada zuri la karton lililopakwa rangi ya udongo, nikapanda mlima. Sebahire alinipokea kwa maziwa. Akaketi, akaweka mguu juu ya mguu, akamwambia Umutoni asome. Umutoni akasoma sifa ya kwanza, akanyamaza. Mzee akangoja.

"Endelea," akasema.

"Imeisha, Papa."

"Haiyaisha."

Umutoni akafungua ya pili, ya tatu. Nilisikia sauti yake inapungua. Sebahire hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisimama, akaanza kurudisha vitabu ndani ya gunia langu, kimojakimoja, akivipangusa vumbi.

"Guylain, mwanangu, rudisha. Ambia Mama Éditions eti niko namuheshimu sana. Lakini kitabu yake inasema nilikuta ng'ombe mu njia." Akafunga mdomo wa gunia. "Mutu mwenye kukuta ng'ombe mu njia, batu banamwitaka nani?"

Neno lenyewe ni mwizi, sote tulilijua. Jumapili angesimama mbele ya Kanyamibwa na ukoo mzima akiwa na kitabu kinachoficha mkono uliomwinua. Bora aende bila kitabu. Bora asiende.

Nilishuka mlima polepole kuliko siku zote. Consolée aliposikia, alikasirika kwanza, maana ndivyo alivyo.

"Jina yake iko! Iko pa nyuma, pa shukrani! Basome vizuri!"

Akanyakua nakala, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti ya ushindi: "Tunashukuru Kanyamibwa, kwa ng'ombe. Tunashukuru Eugène, kwa makarton..."

Hakumaliza. Akaketi juu ya gunia la chumvi. Eugène alichungulia toka dukani, akaona uso wa dada yake, akarudi kwenye misumari yake.

"Guylain," akasema, "nimeweka ng'ombe ya mutu pamoja na karton ya sabuni."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, lakini mtu angewezaje? Akaniangalia hivi, nikameza kicheko. Kisha akajifunga kitenge vizuri na kusema nimpeleke mlimani. Nimefanya kazi na mama huyu miaka mingi na sijawahi kumsikia akiomba msamaha, hata siku alipomwangushia Eugène pipa la wino kwenye suruali ya misa.

Uani kwa Sebahire alikataa kiti. Alisimama vilevile anavyowasimamisha washairi wake.

"Papa, niliharibu. Nilizani ni maneno ya kurudia-rudia tu. Unisamehe. Unifundishe."

Mzee akaeleza, bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Wakati nilirudia huku, kila asubui nilikuwa natoka na fimbo, naita ng'ombe. Hakuna kitu inajibu. Batu banasema nimepata wazimu. Kanyamibwa hakucheka. Akanisikia siku tatu, siku ya ine akaleta Bihogo. Sasa niko nao tisa. Huyu mwenye baka, huyu mweupe, bote banatoka kwa ule mukono. Namna gani nitasifu huyu na nitanyamaza ule?"

"Nimesikia, Papa. Unipatie mpaka siku ya yenga."

"Siku ya yenga njo siku yenyewe, mama."

"Njo nasema. Asubui yake, vitabu itakuwa hapa."

Nilimvuta kitenge. Siku ya yenga ni Jumapili, na ilikuwa Alhamisi alasiri! Stensili zilibaki kumi na mbili, kazi ilihitaji kumi, na barabara ya Goma ilikuwa imekatika kwa maporomoko, hakuna gari lingeleta nyingine. Nilimnong'oneza tubandike vikaratasi vyenye mstari ule, kwisha kazi. Akanigeukia na ukali wake wote.

"Kitabu haiko ndoo ya kuziba!"

Umutoni akashuka nasi. Ijumaa yeye alisoma, Consolée akapiga taipu kidole kwa kidole, Kinyarwanda kushoto, Kiswahili kulia. Kinyarwanda chake ni cha kununulia maziwa, kwa hiyo alimfanya Umutoni arudie kila neno, na kila alipofika kwenye jina la Kanyamibwa alipiga herufi kwa nguvu mpaka nikaogopa stensili itachanika. Moja ilichanika kweli. Ya pili aliiharibu kwa haraka. Baada ya hapo hakukuwa na akiba, na alipokosea tena mstari mmoja, dawa ya kusahihishia ilikuwa imekauka kwenye chupa. Umutoni akatoa mkobani verni yake ya kucha, nyekundu, wakaziba tundu, wakapuliza, wakaandika juu yake. Ikashika! Consolée akamkumbatia yule binti mpaka akamchafua wino.

Jumamosi ni siku ya soko. Eugène alifunga duka. Narudia kwa ajili ya wasiowajua wafanyabiashara wa Butembo: siku ya soko, watu wamejaa, pesa zinapita mlangoni, na Eugène akafunga duka. Akaleta sindano ya magunia, akaanza kufumua nakala zote themanini ili majalada yatumike tena. Mimi nilizungusha mashine Consolée alipochoka, na sasa namheshimu yule mkono wake mnene. Ukungu uliingia mpaka ndani, wino ukakataa kukauka. Tukatundika kurasa kwenye kamba za dukani, kati ya suruali za kuuza, tukawasha mbabula mbili za makaa chini yake, Eugène akilalamika tutamchomea mali huku akipepea kwa kifuniko cha sufuria. Jua lilikuwa halijazama tuliposhona nakala ya mwisho. Katika ukurasa wa shukrani alibaki Eugène peke yake na makarton yake, na nilimkamata akiusoma mara mbili.

Jumapili uwanja wa Kanyamibwa ulijaa. Kulikuwa na pombe ya ndizi, na maziwa kwa wale ambao kanisa lao halitaki pombe. Kanyamibwa aliketi mbele, mzee mwembamba mwenye koti la mvua ingawa mvua haikuwepo. Sebahire alishika kitabu kikiwa kimefungwa, maana hakukihitaji, akaanza na Bihogo. Alipofika mwisho wa sifa ya kwanza, *Kanyamibwa alinipa ng'ombe*, watu wote, wazee na watoto, wakajibu kwa pamoja kwa sauti iliyogonga mabati:

"Kanyamibwa!"

Sifa ya pili, wakajibu. Ya tatu, wakajibu. Consolée alisimama karibu nami na kitabu wazi mkononi, akifuata kwa kidole. Kwenye ya nne kidole kikasimama.

"Guylain," akaninong'oneza, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, "hapa njo nilikata. Nilikata nafasi ya batu."

Alielewa kuliko mimi. Mstari ule ulikuwa mlango ambao watu waliingilia ndani ya shairi, nasi tulikuwa tumetaka kuwaacha nje, mara tisa.

Sebahire alipomaliza, alikwenda akakiweka kitabu kwa mikono miwili mapajani mwa Kanyamibwa. Mzee alikigeuza. Hajui kusoma. Akauliza ni nani aliyekiandika kwa mashine, akaonyeshwa Consolée, akamwita.

"Mama, niko wapi humu?"

Consolée akapiga magoti kando yake, akashika kidole cha mzee, akakiweka juu ya jina. Akafunua ukurasa, akakiweka tena. Alifanya hivyo mara tisa na uwanja mzima ukangoja. Mwishoni Kanyamibwa aliendelea kugusa ukurasa, kana kwamba anapapasa shingo ya mnyama.

"Ng'ombe inakufa," akasema. "Miye pia nitakufa. Na batoto ba batoto ba Sebahire batasema jina yangu." Kisha akainua kichwa. "Huyu mama iko na ng'ombe?"

"Iko na sabuni!" mtu akapaza sauti, watu wakaangua kicheko.

Kanyamibwa hakucheka. Alimwita mwanawe, naye akaleta mtamba mwekundu, macho makubwa, bado hajazaa.

"Huyu ni ya Éditions," akasema.

Niliona Eugène anashika kichwa kwa mikono miwili, bila shaka akimwona mtamba yule kati ya misumari na betri. Consolée alisimama amekauka. Mtoto wa duka kutoka Butembo, amepewa ng'ombe mlimani kwa wafugaji! Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo, na nadhani wengi pale hawakuwa wameliona. Watu wakamgeukia. Walikuwa wanangoja, kwa sababu kwao aliyepewa hawezi kukaa kimya.

Akafunga kitenge chake vizuri. Akasimama wima, mikono chini, kama anavyowaagiza washairi wote wa Masisi na Walikale. Hakuwa na sifa ya kusema, mtamba hakuwa hata na jina. Alikuwa na mstari mmoja tu aliokwisha kuujua kwa moyo, ule aliokuwa ameukata mara tisa, akausema kwa Kinyarwanda chake cha kununulia maziwa, kwa sauti kubwa:

"Kanyamibwa yampaye inka!"

Uwanja ukajibu. Mimi, mtoto wa Kirotshe nisiye na hata mbuzi, nilijibu pamoja nao kwa nguvu zangu zote, maana aliyesimama pale na wino kwenye kucha alikuwa mama yetu wa vitabu.